Bustani Inaliwa na Nani? Kutambua na Kuzuia Wanyama Waharibifu katika Bustani za Mboga Tanga

Mtu anapoamka na kukuta tuta la mchicha limebaki vishina vitupu, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta wa kumlaumu, na la pili ni kwenda dukani kununua waya. Yote mawili huja mapema mno. Uzio wa fito unaomzuia mbuzi haumzuii panya, waya unaomzuia panya haumzuii konokono, na hakuna uzio wa gharama ya kawaida utakaomzuia tumbili anayeshuka kutoka kwenye mwembe. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili, yaani kile ambacho jicho linakiona bustanini saa 12 asubuhi, kabla watoto na kuku hawajakanyaga alama. Umeandikwa kwa ajili ya bustani za familia za mkoa wa Tanga, kuanzia pembezoni mwa jiji hadi Muheza na Pangani, ambako matuta machache ya mchicha, bamia, ngogwe, kunde na matembele ndiyo kitoweo cha nyumba kwa siku nyingi za wiki.

Kusoma alama kabla ya kugusa kitu

Shahidi wa kwanza ni kile kipande cha shina kilichobaki. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na paa wa porini hawana meno ya mbele katika taya la juu. Hulibana jani kwenye ufizi mgumu kisha hulivuta, kwa hiyo shina huachwa limechanika na nyuzi zake zinaning'inia. Panya, sungura na nungunungu wana meno ya mbele makali mfano wa patasi, juu na chini, na mkato wao ni safi, wa mshazari, kana kwamba umepigwa kwa kisu. Konokono yeye haumi bali hukwangua kwa ulimi wenye vijino vingi visivyoonekana kwa macho, akaacha jani lenye matundu ya kingo zisizo sawa. Ndege hudonoa, na kwenye tunda alama yao ni shimo la ncha, halafu nyama ya tunda imechimbwa kuelekea ndani.

Baada ya mkato, angalia urefu kutoka ardhini, angalia kilichoachwa, na uulize saa. Uharibifu ulioonekana jioni wakati asubuhi ulikagua na kukuta salama unaondoa mara moja nusu ya washukiwa, kwa maana nungunungu, nguruwe mwitu, panya buku na popo ni wa usiku, ilhali kuku, kunguru, tumbili na nyani ni wa mchana.

Ikiwa bado una shaka, tumia jivu. Chekecha jivu la jikoni lililopoa, ulitandaze jioni kwenye njia za bustani na mahali penye mapengo ya uzio, kwa upana wa viganja viwili na unene usiozidi ukucha. Mvua ikitarajiwa, sawazisha mchanga mbichi badala ya jivu. Asubuhi utasoma wazi: kwato mbili zilizogawanyika, vidole vitatu vya ndege, kiganja kidogo kama cha mtoto, au msururu wa nyayo ndogo wenye mstari katikati ambao ni mkia ulioburutwa.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa lawama. Miche yetu ya bamia na kunde ilikuwa ikikatwa kila usiku, na kwa kuwa mbuzi wa jirani walikuwa wakipita kando ya nyumba kila siku, nilimwendea nikamwambia maneno ambayo hayakupaswa kusemwa kati ya watu wanaoazimana chumvi. Akawafunga mbuzi wake siku nne, na miche ikaendelea kukatwa. Mama mkwe wangu, ambaye amelima Muheza tangu ujana wake, alipokuja kututembelea alichutama kwenye tuta, akang'oa kishina kimoja na kukigeuza juani.

"Hii si ya mbuzi," akasema.

"Lakini mama, mbuzi nimewaona kwa macho yangu jana wakipita hapa."

"Kupita wamepita. Kula hawajala. Shika hapa, mwanangu, uone."

Nikapitisha kidole kwenye ncha ya kishina. Ilikuwa laini na ya mshazari, bila uzi hata mmoja. Usiku ule tukatandaza jivu, na alfajiri tukakuta nyayo na mstari mpana wa mkia zikielekea kwenye rundo la makumbi ya nazi ambalo nilikuwa nimelirundika mwenyewe pembeni mwa uzio. Jioni yake nilikwenda kwa jirani kumtaka radhi.

Miche imekatwa safi kwa mshazari, na vipande havionekani

Hapa mshukiwa wa kwanza ni panya shamba au panya buku, na kwa bustani iliyo karibu na vichaka, sungura. Kinyesi hutenganisha: cha sungura ni vidonge vya mviringo vilivyokauka, cha panya ni kirefu chenye ncha. Panya buku ni mkubwa, urefu wake pamoja na mkia hupita sentimita 60, sehemu ya mwisho ya mkia ni nyeupe, na huchukua mbegu na vipande vya mboga katika mifuko ya mashavu akavihifadhi shimoni, ndiyo maana huoni mabaki. Ni mnyama mwerevu. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Werevu huohuo humfanya ajifunze upesi mtego uko wapi.

Kabla hujafikiria panya, ondoa kwanza uwezekano mmoja. Ikiwa mche umekatwa usawa wa ardhi na kulala palepale bila kuliwa, fukua udongo kuzunguka shina kwa kina cha vidole viwili. Ukikuta kiwavi mnene wa kijivu aliyejikunja kama pete, huyo ni sota, na yote yanayofuata katika sehemu hii hayakuhusu. Mwokote kwa mkono na ukague kila mche.

Tiba ya panya huanza na makazi yake. Ondoa marundo ya makumbi, makuti makavu, matofali na kuni yaliyo karibu na matuta, au yainue juu ya vichanja kiasi cha nusu mita kutoka ardhini. Fyeka majani kuzunguka bustani kwa upana wa mita mbili, kwa sababu panya hapendi kuvuka uwazi ambamo bundi na paka wanamwona. Kuhusu bundi, najua kwamba nyumba nyingi za pwani hazipendi kumsikia akilia juu ya paa, lakini chakula chake kikuu ni panya, na familia inayomfukuza inajiondolea mlinzi wa usiku asiyedai mshahara.

Kisha tega. Mtego wa kubana uwekwe kando ya ukuta au njia yake, ukikaa kwa pembe mraba na njia hiyo ili panya anayekuja upande wowote aukanyage, na chambo kiwe kipande cha nazi iliyochomwa au dagaa. Uache usiku mbili za kwanza ukiwa na chambo bila kufyatuka, apate kuzoea, kisha usiku wa tatu utege kweli. Jike la panya shamba hubeba mimba kwa takriban wiki 3 na huzaa watoto wengi kwa mkupuo mmoja, mara nyingi zaidi ya 10, kwa hiyo mtego mmoja uliotegwa mara moja kwa mwezi ni kupoteza muda. Tega mingi kwa siku kadhaa mfululizo, majirani wakifanya hivyohivyo wiki hiyohiyo.

Sumu siishauri kwenye bustani ya mboga. Sumu nyeusi inayouzwa kwa vipimo vidogo bila lebo huwafundisha panya waliosalimika kukikataa chambo, na panya aliyeila huenda akafia mahali atakapookotwa na paka, mbwa au kuku. Na kuchanganya dawa ya kuulia wadudu kwenye ugali au samaki ili kumtegea mnyama yeyote ni jambo la kukatazwa kabisa, kwa sababu mtoto haulizi kabla ya kuokota.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Lushoto, ndani ya mkoa wetu huuhuu, ilipata tauni kuanzia mwaka 1980, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya. Na homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022 husambaa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwa mbele. Mwinue kwa koleo au mfuko, umfukie, na mboga zilizovunwa kwenye bustani yenye panya zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na zile za kuliwa mbichi ziangaliwe zaidi.

Mwisho ndipo uje waya. Kwa panya, tundu la waya lisizidi sentimita 1, jambo linalofanya waya wa kuku wa kawaida usifae. Kwa kuwa waya wa matundu madogo ni ghali, zungushia kitalu cha miche na matuta mawili ya thamani tu, si bustani nzima, na uzame ardhini sentimita 30, ncha ya chini ikikunjwa kuelekea nje.

Miche imetoweka usiku wa mvua, na majani yana matundu na ute unaong'aa

Huyu ni konokono mkubwa wa kwetu, ambaye asili yake ni pwani hii ya Afrika Mashariki na ambaye sasa ni adui wa wakulima katika nchi nyingi za mbali alikopelekwa. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndipo anapoonekana kwa wingi. Kiangazi hujifunga ndani ya gamba lake kwa utando mgumu na kusubiri, na ndiyo sababu watu hudhani ameisha. Hutaga mayai kwa mamia, meupe kidogo yenye umanjano, makubwa kupita punje ya mtama, katika udongo mlaini uliofunikwa na matandazo.

Dalili yake ya hakika si ute pekee, maana ute hukauka na kupeperuka. Geuza kipande cha ubao, gunia bichi au ganda la papai lililolala karibu na tuta. Ukikuta kinyesi cheusi kilichojikunja kama uzi na konokono wawili watatu wamejibana chini yake, huna haja ya kutafuta zaidi.

Nimejaribu mengi, na ninaloliamini ni kuokota. Saa 2 usiku, baada ya mvua kukatika, chukua tochi na ndoo yenye maji ya chumvi, vaa viatu vilivyofunika mguu kwa ajili ya nyoka, na mkononi vaa glavu au mfuko wa plastiki, kwa sababu konokono anaweza kubeba vimelea vya minyoo. Mtego wa mchana ni rahisi: tandaza jioni maganda ya papai au majani ya kabichi yaliyofunikwa kwa gunia lililoloweshwa, na asubuhi ukusanye waliojificha chini. Usiku mmoja wa mwanzo wa Aprili tulijaza ndoo nusu kutoka matuta sita tu. Kufikia usiku wa saba tulikuwa tukipata watano. Kuacha baada ya usiku wa pili ndiko kunakowafanya wengi waseme njia hii haifai.

Jivu na maganda ya mayai yaliyosagwa huwazuia mradi yawe makavu, kwa hiyo yanafaa ukame wa katikati ya mvua na hayafai mvua ikinyesha. Chumvi usiimwage kwenye udongo, kwani itaua mboga na udongo wenyewe. Bata hula konokono wadogo na mayai yao kwa bidii, ila wafunguliwe jioni kwa muda mfupi na wasiachwe kwenye miche michanga. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, ili usiku uukute udongo umekauka juu.

Neno moja kuhusu uzio wa mkonge, ambao ni fahari ya mkoa huu tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipouleta Pangani mwaka 1893. Miiba yake humzuia ng'ombe na humfanya mbuzi asitesite, lakini chini ya majani yake mapana kuna unyevu na giza, na hapo ndipo konokono na panya hulala mchana. Mwenye uzio wa mkonge akate majani ya chini mara mbili kwa mwaka na afagie mashina, vinginevyo atakuwa amejenga nyumba ya wageni kwa wale aliotaka kuwafukuza.

Mmea umenyauka ukiwa umesimama

Uvute taratibu. Ukitoka na mizizi yake yote, basi tatizo ni ugonjwa au ukosefu wa maji, na mwongozo huu hauna la kukusaidia. Ukitoka bila mizizi, au kiazi na muhogo vimeliwa kuanzia chini huku majani ya juu yakiwa mazima, huyo ni fuko, na vichuguu vya udongo mpya visivyo na tundu juu yake ndivyo vitakavyothibitisha.

Fuko huishi katika mahandaki marefu wala hatumii kila sehemu ya handaki wakati wote, kwa hiyo tafuta lililo hai: fungua tobo mahali pawili au patatu, subiri, na urudi baada ya saa chache. Fuko hapendi hewa na mwanga viingie, naye atakuja kuziba. Tobo lililozibwa kwa udongo mbichi ndipo mahali pa kutega, kwa kitanzi kilichofungwa kwenye fito iliyopindwa au kwa mtego wa kubana ulioingizwa ndani. Kumwaga maji ya ndoo moja kwenye shimo, kama wengi wanavyofanya, ni kumwogesha tu, kwa sababu handaki lake lina mikono mingi. Kitalu cha viazi vitamu kidogo kinaweza kuokolewa kwa kutandika waya wa kuku chini yake kabla ya kupanda.

Majani yamechanwa, matawi yamevunjika

Hapa ndipo mbuzi anapoingia kwa haki. Anakula kuanzia chini hadi urefu anaoufikia akisimama kwa miguu ya nyuma, na huacha vidonge vya kinyesi na kwato. Paa na funo hula vivyo hivyo lakini kwa usiku na alfajiri, kwato zao ni ndogo na zimechongoka, nao hutokea zaidi kwa wanaopakana na msitu kama kule chini ya Usambara Mashariki.

Kwa mbuzi wa jirani, nenda kwake ukiwa na kishina mkononi, si na maneno tu. Ikishindikana, mjumbe wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa ndio wa kufuatia. Uzio unaofaa ni wa kimo cha mita 1 na robo, wa fito zilizosongamana au maboriti ya mkonge, nafasi kati ya fito isizidi kiganja. Uzio hai wa mbono kaburi ni mzuri kwa kuwa mbuzi hali majani yake. Minyaa nayo hufanya kazi hiyo, ila utomvu wake ukimwingia mtu jichoni huumiza vibaya, kwa hiyo siipendi mahali wanapocheza watoto. Wapo wanaopaka maji ya samadi kwenye majani ili mbuzi ayakinai, na kweli huyakinai, lakini njia hii iishie kwenye uzio na miche ya miti ya matunda. Kwenye mchicha utakaopikwa jioni, hapana.

Mbegu zimefukuliwa, matandazo yametawanyika

Kuku huparua kwa miguu, hivyo utaona udongo umetupwa nyuma na vishimo vya mviringo alimojioga vumbi. Waya wa kuku wa mita 1 na nusu unatosha, na kwa kuku wepesi kuruka punguza manyoya ya bawa moja.

Kunguru haparui. Huvuta mche wa mahindi siku ya tatu au ya nne baada ya kuota, akala mbegu iliyo chini na kuuacha mche umelala. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu, waliojaa mijini kwetu, si wenyeji: waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakasambaa pwani yote, na hadi leo taka ndizo zinazowaita. Familia yenye jalala wazi nyuma ya jiko inawalisha kunguru kwanza kisha inalalamika. Fukia mabaki ya chakula, panda mbegu kwa kina cha pingili mbili za kidole, na funika tuta kwa makuti yaliyoinuliwa kidogo au wavu chakavu wa uvuvi, ambao hupatikana kwa bei ndogo kwa wavuvi wa Sahare na Kigombe, hadi miche ifikie urefu wa kiganja. Wavu uvutwe ukazike vizuri juu ya vijiti, kwa sababu uliolegea hunasa nyoka na ndege wasio na hatia.

Sanamu la kutishia ndege hufanya kazi kwa siku chache. Ukilihamisha kila baada ya siku mbili na kulibadilisha nguo, utaongeza wiki. Nyanya zinazodonolewa wakati wa kiangazi huenda zinatafutwa kwa ajili ya maji yake. Kwetu, beseni la maji lililowekwa mbali na matuta lilipunguza madonoo kwa kiasi cha kuonekana.

Tuta limepinduliwa kana kwamba limelimwa

Nguruwe mwitu huja usiku kwa kundi, huchimba kwa pua na kulaza kila kitu, na kwato zake hugawanyika zikiwa pana kuliko za mbuzi. Nungunungu huja peke yake au wawili; huchimba shimo moja moja kwenye muhogo au kutafuna boga, na mara nyingi hudondosha mwiba njiani. Wote wawili hupenda kurudi kwa njia ileile, na hiyo ndiyo nafasi yako. Ziba pengo hilo kwa mabati chakavu au magogo yaliyofukiwa sentimita 30, halafu ukague kama amefungua pengine. Mbwa, taa na redio husaidia, lakini kila kelele isiyobadilika huzoeleka ndani ya wiki. Viazi na mihogo iliyokomaa ivunwe kwa wakati badala ya kuachwa ardhini kama ghala, maana harufu yake ndiyo inayowaita.

Waya usiunganishwe kamwe na umeme wa nyumbani. Umeme huo haumtambui mnyama wala mtoto aliyekwenda kuchuma matembele.

Matunda yameumwa mara moja na kutupwa, mchana kweupe

Hakuna anayekatisha tamaa kama tumbili na nyani. Tumbili ni mdogo, mwenye uso mweusi, hupita juu ya miti na huchuma kwa mkono. Nyani hutembea chini kwa kundi kubwa, hung'oa mmea mzima, na mmoja wao hukaa juu kulinda. Wote hupenda asubuhi na jioni, wote wanajua saa ambayo watu wameingia ndani kula, na wanatofautisha anayelinda: mara nyingi huwaogopa wanaume kuliko wanawake na watoto, jambo linalowachosha sana akina mama wanaobaki nyumbani.

Tiba hapa ni mpangilio zaidi kuliko uzio. Mahindi, matango, mapapai na viazi vitamu vipandwe karibu kabisa na jiko, palipo na watu siku nzima. Upande unaotazama kichaka panda pilipili, tangawizi, binzari, mchaichai na vitunguu, ambavyo hawavipendi. Kata matawi yanayoning'inia juu ya bustani, kwani hayo ndiyo ngazi yao, na acha uwazi wa mita 10 kutoka ukingo wa kichaka ukiweza. Vuna mapema, hata tunda likiwa halijaiva sawasawa, ukaliivishe ndani. Mlinzi abadilike nafasi na nguo, asikae mahali pamoja. Maji ya pilipili yaliyonyunyizwa kwenye matunda husaidia hadi mvua inayofuata. Na pasiwepo mtu anayewatupia ndizi kwa kufurahisha wageni, kwa sababu tumbili aliyelishwa na mkono mmoja huja kudai kwa mikono yote.

Kuwaua si jibu, na kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kuwinda mnyamapori bila kibali. Kundi la nyani likizidi nguvu za familia, liripotiwe kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na ni vyema majirani watano wakaenda pamoja.

Popo nitawataja kwa ufupi. Ukikuta chini ya mpapai au mpera vidonge vya nyuzi zilizonyonywa na kutemwa, ni wao. Funga matunda yanayokaribia kuiva kwa mifuko ya kiroba. Wasichomwe wala kufukizwa moshi mapangoni, kwani ndio wanaochavusha mibuyu yetu.

Njia pana, nyasi zilizonyolewa, nyayo za vidole vinne

Kwa wanaolima kando ya Mto Pangani, dalili hii ni ya kiboko, na hapa utatuzi wa nyumbani unaishia. Hutoka majini usiku, hula na kurudi kabla ya kucha, na humshambulia anayesimama kati yake na maji. Usitoke na tochi kumfukuza, usiende bustanini kabla jua halijapanda, na njia yake usiipitie watoto wakiwa nawe. Kwa wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, tembo awekwe katika fungu hilohilo.

Asubuhi hiyo usifagie wala usipande upya. Piga picha ya nyayo kwa simu, kandambili yako ikiwa imewekwa kando ili ukubwa uonekane, piga na picha ya matuta yote, kisha umwite mwenyekiti wa kijiji aone kwa macho yake na afisa wanyamapori aarifiwe siku hiyohiyo. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, chini ya kanuni za mwaka 2011. Si fidia ya thamani yote ya mboga zako, lakini hata hicho hakipatikani bila taarifa iliyoandikwa wakati nyayo bado ziko kwenye udongo.